Barafu Haisemi Uongo: Majibu kwa Wanaosema "Gesi Imeisha"

Jirani yangu mmoja, mama wa upande wa Vulamba hapa Butembo, anauza samaki wa Kyavinyonge na mtindi wa vikombe. Frigo yake ni ya milango miwili, iliingia kwa njia ya Kasindi ikiwa tayari imetumika kwa watu wengine. Msimu wa mvua uliopita ilianza kumtesa. Juu, kwenye chumba cha kugandishia, samaki walikuwa mawe. Chini, mtindi ulikuwa unachacha. Fundi alikuja, akaweka kiganja kwenye ukuta wa ndani, akatikisa kichwa: "Mama, gesi imeisha." Mama akalipa. Frigo ikapona siku kumi, kisha ikarudi palepale. Fundi akaitwa tena, akasema lilelile.

"Papa fundi," mama akamuuliza, "hii frigo inakunywa gesi kuliko pikipiki inavyokunywa esanse?"

Mara ya tatu niliitwa mimi, kwa kuwa nina bisibisi na nina muda. Tulichomoa plagi, tukatoa samaki, tukafungua skrubu za ukuta wa plastiki ulio nyuma ya chumba cha kugandishia. Ulipotoka tukakuta ukuta wa pili, mweupe, unene wa vidole viwili, umefunika koili yote kutoka kona hadi kona. Mabawa ya feni yalikuwa yamekwama ndani yake. Gesi ilikuwepo, tena ya kutosha, maana barafu ile isingejitengeneza bila gesi. Kilichokufa ni kipande cha waya kinachotoa joto.

Na zile siku kumi za nafuu? Ili kujaza gesi, fundi alikuwa ameizima frigo na kuiacha wazi siku nzima. Barafu iliyeyuka yenyewe, hewa ikapita, ubaridi ukarudi. Mama alilipia gesi akatibiwa na jua.

Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza yanayosemwa juu ya frigo zinazoganda, hapa Butembo na kule Beni, na nimeona niyajibu moja baada ya jingine. Mengine yana punje ya ukweli, nayo nitaitaja. Lakini kwanza mashine yenyewe.

Frigo inayojiyeyusha, ile yenye maandishi "No Frost" mlangoni, imeificha koili yake ya baridi nyuma ya ukuta wa plastiki. Feni inapitisha hewa juu ya koili hiyo, nyingi inabaki juu kwa samaki, nyingine inashuka kwa mfereji hadi chumba cha chini kwa mboga na maziwa. Kila mlango ukifunguliwa, unyevu wa jikoni unaingia, na mwisho wake ni kwenye koili, unaganda kuwa jalidi. Ndiyo maana kila baada ya saa kadhaa za kazi, mara nyingi kati ya 6 na 12, kompresa inasimamishwa na hita iliyo chini ya koili inawaka kwa dakika 20 au 30. Mafundi wetu huiita rezistansi. Jalidi linayeyuka, maji yanapita kwenye tundu, yanashuka hadi bakuli lililo juu ya kompresa, na joto la kompresa linayakausha. Mwenye nyumba hajui kama kuna lolote lililotokea.

Kazi hiyo ina wafanyakazi wanne. Taima, au kadi ya elektroniki katika frigo mpya, inasema saa imefika. Bimetali, kidude cha duara kilichobanwa kwenye koili, kinaruhusu umeme upite kukiwa na baridi kali na kuukata joto likipanda. Hita inayeyusha. Fyuzi ya joto inakatika ikiwa wote watatu wamekosea. Mmoja tu akilala kazini, barafu inajengeka siku baada ya siku hadi hewa inakosa njia.

Dai la kwanza: "Gesi imeisha."

Gesi ya frigo haiishi kama makala kwenye babula. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyochomelewa, na frigo inaweza kuzeeka na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikiwa imepungua basi imevuja, na palipovuja pana mahali pake. Anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anajaza maji kwenye pakacha. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi; kwa frigo, ni nafuu ya fundi, maana atarudi mwezi ujao na mwezi wa pili.

Huna haja ya kubishana naye. Fungua ukuta wa nyuma, usome barafu. Ikiwa jalidi limefunika koili yote kwa usawa, nene, jeupe, gesi ipo na kilichokufa ni mfumo wa kuyeyusha. Ikiwa mizunguko ya mwanzo tu ya bomba ndiyo yenye jalidi na sehemu iliyobaki ni kavu au ina matone ya maji, hapo fundi ana haki: gesi imepungua, au kompresa imechoka. Ikiwa koili haina barafu kabisa na kompresa inanguruma, ni hukumu hiyohiyo. Koili ikiwa safi lakini sakafu ya chumba ina bamba la barafu kama kioo, na maji yanachuruzika chini ya droo za mboga, tundu la maji limeziba. Lifungue kwa maji ya uvuguvugu na bomba la sindano. Na barafu ikijikusanya upande wa mlango, tazama mpira wa mlango. Bana noti ya franka 500 kati ya mpira na fremu, funga, kisha vuta. Ikitoka bila kushikwa, umempata mwizi wa ubaridi wako.

Kuna pia suala la usalama. Soma kibandiko kilicho karibu na kompresa. Kama kimeandikwa R600a, gesi iliyomo ni isobutani, inayowaka moto kama ya jiko. Kiasi chake ni gramu chache, makumi tu, na hupimwa kwa mizani. Fundi anayetaka kuijaza kwa kukadiria, tena na moto wa kuchomelea mkononi ndani ya jikoni iliyofungwa, mwombe apumzike kwanza.

Dai la pili: "Barafu nyingi ni dalili ya frigo yenye nguvu."

Hili nimelisikia kwa wauzaji wa frigo zilizotumika. Wanakufungulia mlango wakuonyeshe barafu kama cheti cha afya. Ukweli ni kinyume chake. Jalidi lina hewa nyingi iliyofungwa ndani yake, na hewa iliyofungwa ni blanketi. Koili iliyovikwa blanketi haiwezi tena kunyonya joto la chakula, feni nayo haipati pa kupitisha hewa. Matokeo yake ni yale ya mama wa mtindi: juu panagandisha kwa kuwa pako jirani na koili, chini panapata joto kwa kuwa hewa haifiki. Kompresa, ikiona joto halishuki, inakimbia mchana na usiku. Bili inapanda na mtindi unachacha.

Punje ya ukweli ni hii: si kila frigo ina hita. Kongelateri za kulala, zile za mfuniko wa juu ambazo wauza samaki na vinywaji wengi wanazo, kwa kawaida hazijiyeyushi. Vivyo hivyo frigo ndogo za mlango mmoja, zenye kichumba cha barafu kinachoonekana kwa macho. Humo barafu ukutani ni jambo la kawaida, na kazi ya kuiyeyusha ni yako wewe, ikifika unene wa kidole. Ukimwita fundi akutafutie hita ndani ya kongelateri ya kulala, atakutafutia hadi aipate.

Dai la tatu: "Butembo kuna baridi. Kuganda ni tatizo la watu wa Beni."

Kati ya miji hii miwili kuna kilomita 50 na ushee tu, lakini ni mteremko wa mamia ya mita. Butembo iko juu ya mita 1,700, Beni iko karibu na 1,100. Shuka asubuhi na koti, utafika umelibeba mkononi. Kwa hiyo wengi wanaamini kwamba huku juu frigo haina kazi.

Jalidi halitokani na joto, linatokana na unyevu, na unyevu Butembo upo wa kutosha. Muulize yeyote aliyeanika nguo mwezi wa kumi. Ni kweli hewa ya joto inabeba maji mengi zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba unyevu kwenye nyuzi 30 ina gramu 30 hivi za maji. Kwenye nyuzi 20 ina gramu 17. Kwa hiyo frigo ya Beni inaganda haraka kuliko ya Butembo. Lakini haraka na polepole zinafika nyumba moja. Hita ikifa, ya Beni itaziba mapema, ya Butembo itaziba baadaye kidogo.

Baridi ya Butembo ina ujanja wake mwingine ambao watu wanauchanganya na ugonjwa huu. Tazama tena kibandiko: kuna herufi za daraja la hali ya hewa. SN ni frigo iliyotengenezwa kwa chumba chenye nyuzi 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST ni 16 hadi 38. T ni 16 hadi 43. Nyingi zinazouzwa kwetu ni za nchi za joto, yaani T. Usiku wa Butembo unaweza kushuka chini ya nyuzi 16. Katika frigo za bei nafuu, termostati iko chumba cha chini. Jikoni ikiwa baridi, chumba cha chini kinatosheka, kompresa inalala usingizi mrefu, na juu samaki wanalegea. Hapo hakuna kilichoharibika. Dalili zake zimepinduka: juu pamelegea, chini pako sawa. Hita ikiwa imekufa, juu ni mawe na chini ni joto. Kabla hujafungua skrubu hata moja, jua uko upande gani.

Dai la nne: "Umeme wetu unakatika kila siku. Frigo inajiyeyusha yenyewe."

Tumezoea kupanga maisha kwa umeme unaokuja na kwenda. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka baridi alilisha grupu esanse. Kisha vituo vya maporomoko ya maji vikaanza kufanya kazi, kama kile kituo kidogo cha Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kilichojengwa na Hifadhi ya Virunga na kuanza kutoa umeme mwaka 2013. Hata hivyo kukatika kupo, na ndiko kulikozaa dai hili linalofariji.

Tatizo ni kwamba kukatika kwa saa nne au tano, mlango ukiwa umefungwa, hakuyeyushi koili. Chumba cha kugandishia kilichojaa, kisipofunguliwa, hubaki kimeganda siku mbili hivi. Kikiwa nusu, siku moja. Jalidi linalegea juu juu tu, maji yake yanajipenyeza ndani, umeme unarudi, yanaganda upya. Lililokuwa jalidi laini linageuka mwamba. Matone yaliyoanza safari ya kwenda kwenye tundu yanagandia njiani na kuliziba. Wakati huohuo taima ya mitambo, ambayo inatembea kwa umeme, imesimama pale ilipokatikiwa. Katika frigo nyingi inahesabu saa za kompresa peke yake. Mtaa unaopata umeme saa sita kwa siku unaweza kukaa siku nzima, au zaidi, bila hita kuwaka hata mara moja.

Umeme unaokatika, basi, unaongeza kazi ya mfumo wa kuyeyusha na kuuchelewesha. Na ukirudi, usiwe na pupa. Chomoa plagi unapokatika, subiri utulie dakika tano au zaidi baada ya kurudi, ndipo uchomeke. Kompresa inahitaji muda huo msukumo wa ndani usawazike kabla haijaanza tena.

Dai la tano: "Mita imesema hita ni nzima. Basi kosa liko kwingine."

Hili ni dai la fundi mwenye vifaa, yaani mwenye mita ya kupimia omu na volti, na linastahili jibu refu.

Kwanza, mpangilio wa kupima. Wengi wanayeyusha barafu yote, kisha wanaanza kupima. Wamefuta ushahidi. Bimetali kwenye joto la chumba huwa imekata umeme, ndivyo ilivyoumbwa. Ukiipima ikiwa na joto utaambiwa imekufa, uinunue mpya, na mpya nayo itakuambia hivyohivyo. Kwa hiyo jaribio la kwanza lifanywe barafu ikiwa bado ipo. Chomoa plagi. Tafuta taima: mara nyingi iko nyuma ya kisanduku cha termostati, au chini mbele, au nyuma karibu na kompresa. Ina ufa mdogo wa bisibisi. Izungushe polepole upande wa saa hadi usikie "ta!", kisha simama. Chomeka plagi. Kompresa inapaswa kukaa kimya, na baada ya dakika chache utasikia mlio wa matone yakiangukia kitu cha moto. Ukiusikia, hita na bimetali ni wazima. Mgonjwa ni taima, iliyokwama bila kufika zamu yake. Usiposikia kitu, chomoa, uende kwenye vipande kimoja kimoja. Frigo zenye kadi ya elektroniki hazina taima. Kila mtengenezaji ana njia yake ya kuamrisha jaribio, nayo imo kwenye karatasi ya kiwanda.

Sasa hita. Iondoe kwenye waya zake, upime omu. Hesabu ni rahisi: volti mara volti, gawanya kwa wati zilizoandikwa. Hita ya wati 200 kwa volti 220 itakupa omu 242 hivi. Mita isiposogea kabisa, waya umekatika. Fyuzi ya joto lazima ipitishe umeme wakati wote, moto au baridi. Ikikata, imekufa, na mara nyingi imeuawa na bimetali iliyogoma kufunguka, kwa hiyo badilisha zote mbili. Bimetali ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uizamishe katika bakuli la barafu iliyopondwa na kuchanganywa na chumvi. Chumvi inashusha joto la barafu chini kabisa ya sifuri. Baada ya dakika kumi inapaswa kupitisha umeme; ukiishika kiganjani ikapata joto, ikate.

Ukifika hapa na kila kitu ni kizima, ndipo dai la mita linapokupoteza. Mita ikiwekwa kwenye omu inapima waya. Haipimi umeme unaofika kwenye waya huo saa moja usiku, mtaa mzima ukipika na kupiga pasi. Joto la hita halishuki sawasawa na volti, linashuka kwa volti mara volti. Hita ya wati 200 kwa volti 220, ikipewa volti 160, hutoa wati 106 tu, karibu nusu. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji nishati ya wati 93 kwa saa nzima. Kwa dakika 25, hita yenye nguvu zake zote ingeyeyusha karibu gramu 900, hata tukijidai hakuna joto linalopotea. Ile iliyodhoofika ingeishia chini ya gramu 500. Zilizobaki zinasubiri zamu ijayo, zinaongezewa nyingine juu yake, na baada ya wiki mbili una ukuta, ingawa kila kipande ni kizima.

Hilo halitajwi katika vitabu vingi vilivyoandikwa mahali ambapo volti hazitembei. Kwetu linatakiwa kuwa swali la kwanza. Chomeka mita kwenye soketi ya ukutani jioni, siyo asubuhi, uandike namba. Ikiwa iko chini ya 190 kila siku, nunua stabilizeta inayobeba kompresa na hita bila kulemewa kabla hujanunua hita ya pili.

Dai la sita: "Kisu kinamaliza kazi kwa dakika tano."

Ni kweli, na baada ya dakika hizo tano utakuwa huna frigo. Koili nyingi ni za alumini, nyembamba, na bomba limejificha palepale unapochokoa. Utasikia mlio mfupi kama wa tairi, na hapo ndipo gesi itakuwa imeisha kweli. Kutoboka huko, bomba likiwa limepita ndani ya ukuta, mara nyingi hakuzibiki.

Barafu ilijengeka kwa wiki; ipe siku. Hamisha chakula kwa jirani, chomoa plagi, fungua milango yote miwili, tandika vitambaa chini, uache saa 24. Una haraka? Weka sufuria ya maji ya moto ndani, funga mlango, badilisha yakipoa. Usimwage maji kwenye waya, usiingize babula, usiwashe mshumaa. Na usiirudishe plagi eti kwa kuwa ukuta wa plastiki umekauka: barafu ya mwisho kuyeyuka ni ile ya kwenye tundu, isiyoonekana.

Dai la saba: "Unga hita moja kwa moja. Bimetali ni pambo."

Hapa sina punje ya kumwachia msemaji. Bimetali ndiyo inayoiambia hita "basi". Ukiiruka kwa kipande cha waya, hita itawaka hadi taima ikubali kusogea. Taima ikikwama pale, au umeme ukidhoofika hadi mota yake isizunguke, hita itaendelea usiku kucha ndani ya sanduku la plastiki na povu, na vyote viwili vinawaka. Anayeruka na fyuzi ya joto pia ameondoa mlinzi wa mwisho. Nimeona ukuta wa ndani ulioyeyuka kama mshumaa kwa kazi ya namna hiyo. Nyumba ilibaki, kwa bahati.

Kama kipande hakipatikani mjini na kinasubiriwa kutoka Kampala au Goma, kuna njia salama ya kungojea: jiwekee siku moja ya juma ya kuyeyusha. Chomoa Jumamosi jioni, uchomeke Jumapili baada ya misa. Ni usumbufu, lakini hauchomi nyumba.

Dai la nane: "Nikigusa naona baridi. Chakula ni salama."

Mkono ni shahidi mbaya. Ukitoka juani, hata nyuzi 14 utaziita baridi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika kiwekwe chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kati ya nyuzi 5 na 14 kuna tofauti ambayo ulimi hauioni na tumbo linaiona kesho yake.

Sisi wa Beni na Butembo hatupaswi kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali. Tangu Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, upande wa Beni, hadi ilipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, chanjo iliyotukinga ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Hakuna aliyethubutu kuipima kwa kiganja. Kipimajoto ndicho kilichosema chanjo ni chanjo au ni maji. Nyumbani hatuhitaji baridi hiyo, tunahitaji adabu hiyo. Weka kipimajoto kidogo ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati, usome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa mara nyingi. Namba ikianza kupanda kidogo kidogo kwa siku kadhaa wakati juu bado ni mawe, barafu inajenga ukuta wake, na umegundua mapema, kabla mtindi haujachacha. Mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani asikilize zaidi: insulini isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda hata mara moja, haifai tena.

Frigo ya mama wa Vulamba ilipata hita nyingine, iliyotolewa kwenye frigo iliyokufa kompresa, yenye wati na urefu uleule. Bimetali yake ilipita mtihani wa chumvi, taima ilikuwa nzima. Kazi yote ilichukua mchana mmoja baada ya siku ya kuyeyusha, na gharama yake haikufika nusu ya alichokwisha kulipia gesi ambayo frigo haikuihitaji. Soketi yake tuliipima jioni tukapata volti 178, kwa hiyo bado anaweka akiba ya stabilizeta. Bila hiyo, tutafungua ukuta ule tena.

Sisemi mafundi wetu ni wezi. Wengi walijifunza kwa frigo za zamani za mlango mmoja, ambazo kweli zilikuwa na kompresa, gesi, na kitu kingine kidogo sana, na wamelibeba jibu moja hadi kwenye mashine yenye maswali manne. Lakini anayelipa ni wewe. Akisema gesi imeisha, mwambie kwa heshima: "Papa fundi, tufungue ukuta wa nyuma tuone pamoja." Akikubali, umepata fundi. Akikataa, mpe maji ya kunywa, umsindikize hadi barabarani.